Shukrani ya Punda

Paukwa! Pakawa!

Palikuwa na kijiji cha wanyama kikiitwa Mwembeni, na usharika wake haukuwa na jengo. Ibada ilifanyika chini ya mwembe, na kwenye tawi la mwembe huo ilining'inia ringi ya lori lililoanguka bondeni zamani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele. Kila alfajiri Punda aliigonga mara tatu kwa kipande cha nondo, wanyama wakatoka mashimoni na viotani, wakasali kabla ya kwenda shamba. Ikigongwa mfululizo, wote walijua kuna hatari.

Usiku mmoja wa kiangazi moto uliruka kutoka kwenye tanuri la mkaa, ukapanda mlima. Punda aligonga mpaka nondo ikapinda. Kijiji kizima kikaamka, kikafyeka nyasi kuukatia moto njia, na kulipokucha hakuna hata kifaranga mmoja aliyepotea. Jumapili wakamshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata wakamshukuru Mungu na Ringi. Ya tatu, shukrani zilirefuka, muda ukabana, ikabidi mmoja wao aachwe.

Mbuzi ndiye aliyeanza, kwa nia njema kabisa. Aliifunika Ringi kitambaa cheupe isipate vumbi. Sungura, katibu wa usharika, akaona kitambaa kitupu ni aibu, akaunda kamati ya kujenga banda la mabati. Fisi aliomba uhazini, akanyimwa; wanyama wa Mwembeni si wajinga. Wakampa Njiwa, na Njiwa hakuiba hata senti. Kila shilingi ilikuwa na risiti yake. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Mnada wa baada ya ibada ukanoga. Trei ya mayai ya Bata ilinunuliwa, ikarudishwa mezani "kwa ajili ya Ringi", ikanunuliwa tena, ikarudishwa tena, mpaka mayai mawili yakapasuka kwa kushikwashikwa, na bado yakapata mteja. Kwaya ikashona sare ya kitenge chenye picha ya Ringi mgongoni. Kutu iliyobanduka ikafungwa kwenye vikaratasi: kidogo kwenye chai, kidogo kizingitini, kidogo kwenye begi la mtoto anayekwenda kufanya mtihani wa darasa la saba. Fungu la wajane likasogezwa mwezi ujao, kisha mwezi mwingine.

Mwinjilisti Kanga akahubiri juu ya amri ya kwanza. Washarika wakaitikia kwa nguvu. "Amina! Mwambie Nyani huyo!" Walikuwa na sababu ya kujivuna, kwani mwaka uliotangulia walikusanya hirizi zote za Nyani wakazichoma moto hadharani, kwaya ikiimba. Sanamu, kwa Mwembeni, ilikuwa mali ya Nyani.

Kisha mmoja wa washarika akagundua kwamba nondo inaiachia Ringi makovu. Kamati ikakaa, ikaamua nondo izungushiwe tambara. Ringi ikawa inakohoa tu. Kamati ikakaa tena, ikaamua kwamba, kwa heshima yake, Ringi asigongwe kabisa. Banda likatiwa kufuli, Ringi akiwa ndani, ufunguo ukabaki kwa Sungura.

"Ndugu Punda," wakasema, "kwato zako zina matope. Tunakushukuru kwa utumishi wako." Wakampa cheti.

Sala ya alfajiri ikafa yenyewe, maana hapakuwa na wa kuamsha. Ila foleni ya kuja kumwona Ringi siku ya Jumapili ilifika hadi kisimani.

Kiangazi kilichofuata moto ukarudi, tena kwa njia ile ile. Punda, ambaye mazoea ya kuamka mapema hayajamtoka, aliuona ukipanda. Akakimbia hadi kwa Sungura.

"Katibu, moto! Naomba ufunguo."

"Ufunguo hautoki bila saini mbili, ndugu yangu. Na mwenyekiti amesafiri."

"Sasa nigonge nini?"

"Usigonge chochote. Aliyetuokoa mwaka jana si yumo mle ndani? Ngoja niite kwaya ije kumwimbia."

Punda hakujibu. Alilikimbilia banda, akaupa mlango mgongo, na kwa teke la pili mlango ukalala chini. La tatu liliipata Ringi yenyewe. La nne likaitia ufa. Akaendelea, na kila teke lilisikika ng'ambo ya bonde. Wanyama waliamka moshi umeshafika uani, wakakamata majembe na matawi mabichi. Wote walipona. Nguzo za banda ziliungua, mabati yakaporomoka.

Jumatatu baraza la wazee likaketi, si kushukuru, bali kusikiliza kesi ya Punda. Kosa lake: kuipasua Ringi.

"Tulimlea, tukampa na cheti," alisema Sungura. "Wahenga hawakukosea. Shukrani ya punda ni mateke."

Wengi wakaunga mkono atengwe na meza ya Bwana. Ndipo Mzee Kobe akaomba nafasi. Alichukua muda kufika mbele, na muda mwingine kufungua Biblia.

"Nasoma Hesabu 21," alisema, "kisha Wafalme wa Pili 18. Yule nyoka wa shaba hakutengenezwa na Nyani. Alitengenezwa na Musa, kwa agizo la Mungu, na walioumwa na nyoka wakamtazama walipona kwelikweli. Wakamtunza miaka mingi, mpaka ikafika mahali wanamfukizia uvumba. Mfalme Hezekia akamponda. Na Maandiko hayamlaumu Hezekia, yanamsifu."

"Mzee wangu," Sungura akasema, "sisi tulikosea wapi? Kila kitu kilikuwa cha kanisa."

"Hapo hapo ndipo palipotuponza, Katibu. Hirizi ya Nyani ningeitambua hata gizani. Ringi hii tulipewa na Mungu ili ituite kwake. Siku tuliyoikataza isituite, ndiyo siku tuliyoanza kuiabudu. Tukawa na nafasi ya kuipangia foleni, hatuna nafasi ya kusali. Tukawa na fedha ya mabati, hatuna ya wajane. Mungu hakuondoka Mwembeni, ila tulimweka nyuma ya kitu alichotupa mwenyewe. Kama kuna kesi hapa, mshitakiwa si Punda."

Baraza likanyamaza, likapiga kura. Punda akaachiwa. Ringi ikarudishwa tawini pamoja na ufa wake, na tangu siku hiyo sauti yake ni mbaya kuliko ya kwanza, lakini inaamsha. Njiwa alipeleka fedha iliyobaki kwa wajane, na mabati yaliyopona yakaezeka nyumba ya Mama Kuku, iliyokuwa ikivuja tangu masika.

Jumapili, baada ya ibada, Mbuzi akaja na kitambaa cheupe, kwa nia njema kabisa. Alisema haifai mguu uliookoa kijiji uendelee kukanyaga matope. Sungura alikuwa nyuma yake na daftari la ahadi, kurasa mpya, kichwa cha habari tayari kimeandikwa. Wakainama wote wawili kuufunga mguu wa nyuma wa Punda.

Methali waliijua. Punda akawakumbusha.