Namna ya Kuunguza Kinasa Data kwa Heshima Zote

Mradi wa mwaka wa mwisho haunogi mpaka kitu kitoe moshi. Basi wewe mwanafunzi wa uhandisi uliyekabidhiwa kinasa data cha idara, kile kisanduku chenye matundu ya kukazia nyaya upande mmoja na waya wa USB upande wa pili, fuata maelekezo haya bila kuruka hata moja.

Karatasi iliyokuja nacho iache palepale kwenye boksi. Imeandikwa jambo la kukatisha tamaa: kwamba vinasa vya aina hii, vingi vyao, hupokea kati ya volti 10 hasi na volti 10 chanya, basi. Na wewe unataka kupima umeme wa ukutani. Ule wa volti 230, ambao kilele cha wimbi lake hufika volti 325 hivi. Chomeka tu. Waoga ndio hutanguliza transfoma ndogo, wakapata volti chache zisizogusana na laini ya ukutani, kisha wakazipunguza tena kwa rezista mbili. Wakimaliza, kifaa chao kizima, nao pia, na hadithi ya kusimulia bwenini hawana.

Sasa tuje kwenye ethi, maana hapa ndipo penye uhondo. Oskiloskopu ina kile kibanio chenye waya mweusi. Wewe unajua kwamba cheusi ni sifuri, na sifuri haina madhara, kwa hiyo kibanie popote penye nafasi, hata kwenye waya wa moto. Usijisumbue kukumbuka kwamba Marekani waya mweusi wa majumbani ndio huo huo wenye moto. Wala usijiulize kibanio kinaelekea wapi: kinapita ndani ya mashine, kinashuka kwenye waya wa umeme hadi pini ndefu ya plagi, kinaingia ardhini. Ukikibania kwenye moto umeupa umeme njia ya mkato. Utasikia mlio, swichi kuu itaanguka, na chumba cha jirani watakuuliza umefanya nini.

Usikate tamaa. Dawa inayopendwa ni kuunyima mtambo ethi, kwa kung'oa pini au kutumia adapta ya matundu mawili. Swichi kuu haitaanguka tena. Badala yake, bodi nzima ya chuma ya oskiloskopu sasa ina volti 230, inamsubiri atakayekuja kuzungusha kitufe. (Hapa natoka kwenye mzaha kidogo: usifanye hivyo kamwe. Tafuta probu ya tofauti, inayolinganisha nukta mbili bila kuifunga hata moja kwenye ardhi.)

Kinasa nacho kina mlango wake wa siri. Sifuri yake imeungana na sifuri ya kompyuta kupitia USB, isipokuwa kiwe kimetengenezwa chenye kitenganishi ndani. Ukiwa unatumia betri ya laptopu, mambo shwari. Ukichomeka chaja yenye ethi, umeshafunga mzunguko ambao hukuuchora kwenye ripoti.

Tuseme hujaunguza kitu. Bado unaweza kuharibu data. Funga ngao ya kebo kwenye ethi ncha zote mbili, kwenye majengo mawili ikiwezekana, ivune mvumo wa hezi 50. Kipima joto cha thamokapo aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo milivolti moja ya mvumo ni kama nyuzi 24. Tanuri lako litaonekana likipanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye tanuri lolote. Likikutia aibu, punguza kasi ya kinasa hadi sampuli 49 kwa sekunde: mvumo utageuka wimbi pole la mara moja kwa sekunde. Lipe sura yake kwenye tasnifu na uliite tabia ya mfumo.

Rilei nayo usiiwekee diodi. Koili ikikatiwa umeme inaweza kurusha mamia ya volti, na kinasa kiko karibu.

Fundi sanifu wa maabara akija, amkia kwanza: “Shikamoo mzee, kimejizima chenyewe.” Atakijua kilichotokea kwa harufu.

Na kama wewe ni miongoni mwa waoga, chukua mita kabla hujaunganisha chochote, iweke kwenye volti za AC, upime kati ya sifuri ya kinasa na sifuri ya kile unachotaka kupima, kisha urudie kwa DC. Ukikuta volti kadhaa, usiunganishe. Mwite huyo mzee mapema, angali na kifaa cha kukusaidia nacho.