Na Mguu Nao

Tuseme kwaya imepanda jukwaani Nyabusozi, Biharamulo. Fundi mitambo anashusha besi kwenye miksa. Mpiga besi, kama hakuona, anaipandisha kwa kitufe cha gitaa. Ugomvi wa vidole huo. Sasa mpe pedali ya sauti, aongeze na mguu!

Pedali haina uchawi: ukikanyaga, kizuizi cha umeme kinazunguka. Gitaa lisilo na betri hutaka cha omu 250,000. Lenye betri, 25,000. Ukivichanganya, besi hufifia au huruka ghafla. Ukipatia, uzi mnene wa besi, unaotetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, hautaki sikio. Unatua tumboni mwa mzee wa kanisa.

Halafu mpiga besi wa kwaya hasimami tuli. Anacheza na wenzake, hatua mbele, hatua nyuma, na pedali iko pale chini, inamsubiri.