Uainishaji wa Maaskofu kwa Idadi ya Viti

Askofu hupimwa kwa viti vilivyopo kati yake na mtawala kwenye meza kuu. Kipimo hiki kimejaribiwa katika harambee za Shinyanga na Geita, na vumbi la machimbo halikukiharibu.

Aina ya kwanza, Askofu-Karani, ana viti sifuri. Sampuli bora ni William wa Wykeham, Mwingereza ambaye mwaka 1356 alikuwa akisimamia ujenzi wa ngome ya mfalme kule Windsor. Yaani, msimamizi wa saiti. Mfalme huyo, Edward wa Tatu, alipenda kuwalipa makarani wake kwa vyeo vya Kanisa, kwa kuwa mapato ya cheo yalitoka kwa waumini na wakulima, si kwenye hazina yake. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, pale Nyarugusu, Geita, angeuelewa utaratibu huo bila semina. Mwaka 1367 Wykeham akawekwa wakfu kuwa askofu wa Winchester, jimbo nono kuliko yote Uingereza, na mwaka huohuo akawa Kansela wa ufalme. Tumtendee haki: fedha zile alizirudisha kwenye matofali, akaanzisha New College kule Oxford mwaka 1379 na shule ya Winchester mwaka 1382. Usimamizi wa saiti haukumtoka.

Aina ya pili ni Mhama-Kiti. Thomas Becket, aliyekuwa Kansela wa Uingereza kabla ya Wykeham, alipopewa uaskofu mkuu mwaka 1162 aliuacha ukansela. Mwaka 1170 mashujaa wanne wa mfalme wa wakati huo wakamuua ndani ya kanisa lake. Sampuli ni chache, na hatuombi nyingine.

Aina ya tatu ni Banang'oma, wazee wa baraza la Usukuma. Hawakuwa na fimbo ya kiaskofu, ila kuwaacha nje kungekuwa uvivu wa kitaaluma. Wao walimteua ntemi, yaani mtawala wa jadi, na mvua ikigoma, ntemi aliweza kufukuzwa. Uingereza walimpaka mfalme mafuta. Kumwajibisha kwa ukame haikuwajia akilini.

Aina ya nne ni Askofu Asiye na Mfalme. Edward McGurkin, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, alikuwa askofu wa Shinyanga tangu 1956. Mwaka 1963 serikali ikafuta utemi, yeye akabaki. Aloysius Balina, askofu wa kwanza wa Geita mwaka 1984, alihamishiwa Shinyanga mwaka 1997: kutoka dhahabu kwenda almasi. Wykeham angedhani ni kupandishwa cheo. Bahati mbaya, madini hayamo katika sadaka.

Kwa kipimo chetu, mkazi wa Shinyanga aliyeusogelea zaidi ufalme wa Kiingereza ni almasi ya waridi ya Mwadui, aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947 na kutiwa katika bruchi mwaka 1953. Umbali: viti sifuri, kifuani. Daraja takatifu: haina.