Muulize Shangazi Chaji: Injini Imekufa, Nioe Mota?

Wiki hii kapu limejaa barua za wenye magari ya spoti ya zamani, na wote wanauliza jambo lilelile: ning'oe injini niweke umeme, au nivumilie? Shangazi hamiliki gari la spoti. Anachomiliki ni ulimi, na swali moja ambalo hakuna atakayelikwepa leo: utaliendesha?

Wazee wamenijia juu

*Hujambo Shangazi? Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z ya 1972. Injini ilinoki zamani, gari limelala gerejini hadi kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Nimepata kijana wa kuniwekea mota na betri. Marafiki wa baba waliposikia walikuja wanne nyumbani, wamevaa makoti kana kwamba wameleta posa, wakaniambia nikithubutu nitakuwa nimemzika mzee mara ya pili. Nifanyeje?*
Mrithi Aliyebanwa, Nairobi

Mwanangu, wazee hao hawajakosa adabu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Wazee wako walisimama kando ya barabara, matope hadi magotini, wakizisikia silinda sita kabla gari halijatokeza konani. Unachotaka kuking'oa ni ujana wao.

Hata hivyo waulize: nani kati yenu atalipia ovahoo? Wakinyamaza, umeshapata jibu. Wakichanga, usikimbilie umeme. Bloku ya 240Z ni ya chuma, na kama haijapasuka na krenki inachongeka, injini inafufuka. Andika bei ya kuifufua kwenye karatasi, kando yake andika bei ya mota, betri, inveta, chaja na ufundi. Wengi wakifika kwenye safu ya pili huketi chini.

Ukiamua umeme, sharti langu ni moja: msikate kitu. Mota inaweza kufungwa kwenye giaboksi ya zamani kwa bamba la chuma lililochongwa kufuata matundu yaleyale ya boliti. Betri zigawanywe, nyingine mbele, nyingine pale lilipokuwa tangi, ili gari lisilemee upande mmoja. Injini ipakwe oili, ifungiwe kwenye sanduku, pamoja na ekzosi na kabureta zake. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, limeshasema kwamba gari lililogeuzwa kuwa la umeme halihesabiki tena kuwa la kihistoria, na kwamba anayebadilisha abadilishe kwa namna inayorudishika. Aston Martin walilijua hilo. Mwaka 2018 walionyesha DB6 ya umeme ambayo mtambo wake wote ulikaa kwenye kasha moja, limefungwa palepale palipokuwa na injini na giaboksi, ili siku mwenyewe akighairi lichomolewe.

Ila usiwaambie wazee kwamba unaokoa mazingira. Ni kweli umeme wa Kenya kwa karibu asilimia 90 unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Lakini kutengeneza betri nako kunakula nishati nyingi, na gari linalotoka Jumapili moja moja halilipi deni hilo upesi. Hapohapo Nairobi kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza mwaka 2017 na ikageuza magari ya watalii kuwa ya umeme. Gari la mbugani linatoka kila kukicha, hesabu yake inakubali. Wewe waambie ukweli: gari la baba limelala, nawe unataka kuliendesha. Hoja hiyo wataielewa hata wakinuna.

Mke mwenzangu ni MGB

*Shangazi, naandika huku nyundo inagonga uani. Mume wangu kanunua MGB ya 1967, haina injini, na bati za chini ya milango zimeliwa na kutu. Kisha kanunua betri za Nissan Leaf iliyogongwa. Betri zimepangwa chini ya kitanda cha wageni. Ananiahidi kwamba likiisha tutakwenda nalo Malindi kwa chaji moja. Mama mkwe anakuja mwezi ujao. Nimechoka.*
Aliyechoka, Nyali

Bibie, tuanze na kitanda. Betri hizo zitoke ndani leo, kabla hujafika mwisho wa jibu hili. Betri ya gari lililogongwa huwezi kujua imeumia wapi ndani. Lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji, na moshi wake ni sumu. Zihamie bandani kwenye hewa, mbali na nyumba, na kila moduli ipimwe volti kabla ya kuunganishwa na nyingine. Mama mkwe atandikiwe godoro lisilo na chochote chini yake.

La pili ni kutu. Pakiti ya Leaf za mwanzo ina uniti 24, zilezile uniti unazonunua kwa tokeni, na uzito wake pamoja na kasha unakaribia kilo 300. MGB haina chasisi ya peke yake. Kinacholishikilia ni bodi lenyewe, hasa hizo bati za chini ya milango ambazo chumvi ya bahari imezifanyia karamu. Aanze kuchomelea. Zikifuata springi na breki, ndipo anene habari za umeme. Mota haiponyi kutu. Inalisogeza tu gari bovu kwa kasi zaidi.

La tatu, Malindi. Ni kilomita 120 hivi. Betri mpya ya uniti 24 kwenye gari dogo kama hilo ingekufikisha na kubakiwa na kidogo. Za mtumba hazina tena uniti 24, na mumeo anajua ila hataki kusema. Tuseme mmefika: soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kilowati mbili na ushei, kwa hiyo kujaza ni usiku kucha. Mkubalie safari kwa masharti kwamba mtalala, hoteli utachagua wewe, bili atalipa yeye.

Na lile swali langu? Mtu anayepanga safari ya Malindi kabla gari halijapata sakafu, huyo ataliendesha. Msamehe.

Nataka kama la arusi ya kifalme

*Assalaam aleikum Shangazi. Nina Jaguar E-type ya 1965, injini yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani, inalia vizuri sana. Hulitoa siku mbili kwa mwaka, kusiponyesha. Tangu nilipoona arusi ya Mwanamfalme Harry sijapata usingizi, nataka langu liwe la umeme kama lile. Fedha si tatizo. Unanishauri nini?*
Mwenye Nacho, Leicester

Waaleikum salaam. Nakushauri ulale.

Gari uliloliona ni E-type Zero, lililotengenezwa na Jaguar wenyewe na kuonyeshwa mwaka 2017. Tarehe 19 Mei 2018 Harry na Meghan waliondoka nalo kwenye kasri la Windsor, namba yake E190518, yaani tarehe ya arusi. Mota yake ilikuwa ya kilowati 220, betri uniti 40, na Jaguar walisema lingekwenda kilomita 270. Zaidi ya hayo lilikuwa jepesi kwa kilo 46 kuliko lile la petroli. Mwaka huohuo Jaguar wakatangaza kwamba wangewageuzia na wateja, kisha mpango ukawekwa kabatini. Mzazi aliyelizaa gari amesita, wewe una haraka ya nini?

Tena usajili wa huko kwenu una funzo. Kwa miaka mingi DVLA, wasajili wa magari wa Uingereza, walilipima gari lililobadilishwa kwa pointi: bodi au chasisi isiyoguswa 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani 2 kila kimoja, injini 1. Ulitakiwa kufikisha 8 ubaki na namba yako ya zamani. Kuitoa injini kulikupunguzia pointi moja tu, lakini fundi akikata bodi apate pa kuweka betri, zile 5 zinakwenda na maji. Sasa geuza upande wa pili. Serikali iliithamini injini kwa pointi moja, ilhali mnunuzi wa kesho ataiangalia namba ya injini kabla hajakupa mkono.

Gari lako halina ugonjwa, na huliendeshi. Ukilitia umeme litakaa gerejini kimya zaidi. Kama kiu ni ya umeme kweli, tafuta E-type iliyokufa injini, ukaiokoe hiyo. Hii yenye afya itoe nje Jumapili, hata mvua ikinyesha.

Njaa na shoti

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi kabureta, Gerezani. Injini naipima kwa bisibisi, ncha kwenye bloku, mpini sikioni. Mteja ameniletea Toyota Celica ya 1974, anataka umeme. Naogopa vitu viwili: njaa na shoti.*
Sikio, Dar es Salaam

Marahaba, Fundi. Njaa kwanza. Gari la umeme bado lina bushi, bolijointi, shokamzoba, beringi na breki, na la zamani lina kutu juu yake. Kazi nyingine zitazaliwa hapohapo. Servo ya breki ilikuwa inanyonya upepo kwenye injini. Injini ikitoka lazima ufunge pampu ndogo ya umeme ya kunyonya, la sivyo mteja atakanyaga pedali ngumu kama jiwe. Oltaneta haipo tena, kwa hiyo kunawekwa kifaa cha kushusha umeme wa betri kubwa hadi volti 12 za taa na honi. Na giaboksi iangalie kwa jicho la pekee, maana mota hutoa nguvu zake tangu ikiwa imesimama. Meno yaliyozoea kubembelezwa yatapigwa kofi.

Ukidhani natia chumvi, tafuta habari za White Zombie. Ni Datsun 1200 ya 1972, mtangulizi wa zile 120Y ambazo umezifungua nyingi. John Wayland wa Portland, Marekani, aliitia umeme akaipeleka kwenye mashindano ya robo maili. Mwaka 2010 iliimaliza kwa sekunde 10 na ushei, na ikawa inawaacha wenye injini za V8 wakikohoa moshi wao wenyewe.

Sasa shoti, na hapa simcheki mtu. Volti 12 umezigusa kwa mkono mtupu huku unapiga soga. Hizi ni volti 300 hadi 400 za betri, zinatosha kukuua. Vua pete na saa. Chomoa plagi ya usalama ya betri, uitie mfukoni mwako, asije mtu akairudisha. Subiri dakika kumi, kwa sababu inveta hubaki na umeme hata ikizimwa. Vaa glovu za mpira zilizopimwa kwa volti 1000, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Waya wowote wa rangi ya chungwa ni wa umeme mkubwa. Usifanye kazi hiyo peke yako, na anayekusaidia ajue pa kuzimia umeme.

Kabla ya Celica ya mteja, kajifunze kwa aliyekwisha kuifanya kazi hii. Bisibisi usiitupe. Beringi ya mota ikianza kufa nayo hulia, na kelele ya injini ikiondoka utaisikia mapema kuliko zamani.

Majibu ya haraka

*Mwenye Porsche 911, Muscat:* Mjerumani wako alijisifu tangu 1963 hadi 1998 kwamba injini yake inapozwa kwa hewa. Betri haitaki sifa hizo. Kwa joto la kwenu mtafutie betri inayopozwa kwa maji. Wenye Leaf za mwanzo huko Arizona, ambazo betri zake hazikuwa na mfumo wa maji, walianza kulalamika 2012 kwamba jua linakula chaji. Na kawaulize kwanza polisi wa usalama barabarani kama mabadiliko yanaruhusiwa, kabla hujafungua boliti.

*Aliyeuliza bei, Mwanza:* Gereji za Uingereza zinazofanya kazi hii mara nyingi hutoza fedha za kununua gari jipya la umeme na chenji ikabaki. Anayekutajia bei ya kutupa, muulize betri zimetoka wapi.

*Anayetaka spika ya kutoa mlio wa injini, Tanga:* Hapana. Spika ni ya taarab.

*Aliyeambiwa na fundi "wiki mbili", Arusha:* Amekutajia wiki. Hakukutajia mwaka.

*Anayeuliza kama mota hufanyiwa sevisi:* Kidogo sana. Oili ya giaboksi, maji ya kupoza, breki, tairi. Anayekwambia hakuna kabisa anataka kukuuzia.

*Wote mtakaoandika wiki ijayo:* tumeni picha ya gari lililopigwa kutoka chini. Picha za rangi inayong'aa ninazo za kutosha, na hakuna hata moja iliyowahi kunionyesha kutu.