Barua ya Wazi kwa Kamati ya Nidhamu: Upungufu Uliobainika Katika Neema

Kwa Kamati ya Nidhamu na Maadili ya Kanisa
(jina la kanisa limeachwa wazi ili kila kamati inayojitambua ijaze lake)

YAH: UPUNGUFU ULIOBAINIKA KATIKA NEEMA

Neema, katika mafundisho ya Kikristo, ni kibali cha Mungu kinachotolewa bure kwa mtu asiyekistahili. Hailipiwi, hairithiwi, wala haiongezeki kwa urefu wa gauni. Mtume Paulo aliitofautisha na mshahara: kibarua anayelipwa jioni hajapewa zawadi, amepewa haki yake. Kasoro ya neema ni ya kiutawala. Haina fomu, haina namba ya bahasha, haina mahali pa kugonga muhuri, na ikishatolewa hakuna utaratibu wa kuisimamisha kwa miezi mitatu. Kazi ya kuziba mapengo hayo imefanywa na Kamati, kwa bidii ambayo haijapata kushukuriwa kwa maandishi.

Kanuni zilizoongezwa zinafahamika kwa kila anayeabudu. Suruali kwa mwanamke hairuhusiwi madhabahuni, na kwingine hata getini. Hereni, wigi na kucha za rangi ni dhambi hapa na si dhambi pale, kiasi kwamba mwanamke anayehama kanisa hulazimika kuokoka upya kila anapovuka barabara. Mwanakwaya akipata mimba kabla ya ndoa husimamishwa kuimba, hutengwa na Meza ya Bwana, kisha hurudishwa kundini mbele ya usharika mzima. Mwanamume aliyehusika, ambaye si ajabu akawa mwimbaji wa besi, huendelea na mazoezi ya Krismasi kwa kuwa kwake mimba haionekani.

Kanuni iliyokomaa kuliko zote ni ya mazishi. Mtu akifariki, wafiwa hufika ofisini na kadi yake, na kadi husomwa kabla ya Biblia. Zaka ilikoma mwezi gani? Ahadi ya jengo ilikamilika? Kwenye jumuiya alionekana? Swali la mwisho huulizwa kwa utulivu kamili: je, marehemu alikuwa mshiriki hai? Ikibainika kwamba marehemu hakuwa hai, mchungaji haendi makaburini, na kengele haigongwi. Zipo familia zilizochanga malimbikizo papo hapo, shemeji akitoa ya mafuta ya gari na jirani akiongezea, na risiti ilipokwisha kuandikwa marehemu akahesabiwa hai. Ufufuo wa namna hii haumo katika kitabu chochote cha theolojia. Ni mchango wa Kamati peke yake.

Suala la kuiongezea neema masharti lina umri sawa na Kanisa lenyewe, na lilifikishwa mbele ya kikao cha Yerusalemu, karibu mwaka 49. Watu walioshuka kutoka Uyahudi walikuwa wakifundisha huko Antiokia kwamba watu wa mataifa hawawezi kuokoka bila kutahiriwa. Paulo na Barnaba wakabishana nao hadi wakatumwa Yerusalemu kwa mitume na wazee. Kikao hicho kilikuwa na kila kitu ambacho kamati yoyote ingekitamani. Akidi ilitimia. Petro alikuwepo, Yakobo alikuwepo, na Torati nzima ilikuwa karibu, tayari kunakiliwa. Ndipo Petro akasimama na kuharibu shughuli: alikumbusha kwamba nira hiyo haikuweza kubebwa na wao wenyewe wala na baba zao, hivyo haikuwa na maana kuwatwika wengine. Yakobo akahitimisha kwa mambo manne tu: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama za wanyama walionyongwa, na uasherati. Barua ya maamuzi, iliyopelekwa na Yuda aitwaye Barsaba pamoja na Sila, ikisomwa kwa sauti humalizika kabla chai haijapoa. Kitabu cha Matendo kinaeleza kwamba waliosomewa walifurahi. Itikio hilo ni geni kwa yeyote aliyewahi kukaa ibadani wakati matangazo ya Kamati yakisomwa.

Hata hayo manne hayakushikwa yote kwa ukali uleule. Miaka michache baadaye Paulo aliwaelekeza Wakorintho wanunue nyama sokoni wale bila kuhoji ilikotoka, na wajizuie pale tu ambapo dhamiri ya mwenzao ingeumia. Kipimo kikatoka kwenye nyama kikahamia kwa mtu aliyeketi ng'ambo ya meza. Kwa mtunza kumbukumbu hilo ni janga, maana nyama hukaguliwa mara moja ikagongwa muhuri, ilhali jirani hubadilika kila siku.

Waraka kwa Wagalatia unaonyesha jinsi nyongeza inavyofanya kazi. Walimu waliofika Galatia baada ya Paulo hawakuwaambia watu wamwache Kristo. Walisema Kristo ni wa lazima, ila ikiongezwa tohara, pamoja na kushika siku, miezi, majira na miaka, ndipo mambo yanakamilika. Ni biashara ileile ya mchuuzi anayesema nazi ni bure, mteja alipie kifuu. Paulo alikasirika hata akaruka shukrani ambazo kwa kawaida alianza nazo barua zake. Hoja yake ilikuwa kwamba sharti linapowekwa mbele ya zawadi halizidishi zawadi. Linaigeuza kuwa mauzo, na aliyenunua hana wa kumshukuru. Kuhusu wale waliosisitiza kisu, alitamani wasiishie kwenye tohara bali waendelee kukata. Kejeli, kwa hiyo, ina kibali cha kitume, ingawa hiyo moja haifai kusomewa watoto wa Shule ya Jumapili.

Ndani ya waraka huo limo shauri la Petro, ambalo Kamati ingelisoma kwa huruma. Huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga kidogo kidogo, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Hakuna fundisho alilobadilisha wala tangazo alilotoa. Alihamisha sahani tu. Paulo alimkabili mbele ya wote, akilichukulia jambo hilo kuwa ni kupotoka kutoka kwenye ukweli wa Injili. Kosa la mtume mkubwa, kwa kipimo hicho, lilikuwa kujitenga na mtu mezani kwa sababu ya kanuni ambayo Kristo hakuiweka. Kamati, ambayo kifaa chake kikuu cha kazi ni meza, inaweza kuona jinsi Petro alivyoonewa.

Paulo aliilinganisha sheria na mtumwa wa Kigiriki aliyekuwa akimpeleka mtoto shuleni, akimlinda njiani na kumchapa akichelewa. Kazi yake ilikuwa halali na yenye mwisho: mtoto akikua, mtumwa huyo huaga. Makanisa mengi yamemwongezea mkataba. Mzee wa miaka 60, aliyezika wazazi na kusomesha wajukuu, bado hushikwa mkono kuvushwa barabara, na asipoandamana huandikwa mkaidi.

Kwa upande wa fedha, mfano mkongwe ni wa Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, maana yake viungo vya pilau vilihesabiwa kumi kwa kumi kabla ya kuingia sufuriani. Yesu hakuwakataza kutoa. Aliwashangaa kwa kuhesabu mbegu huku haki, rehema na imani vikipita bila kuhesabiwa. Aliwataja pia waliotangaza mali yao kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwajibike kuwatunza wazazi. Kadi ya ahadi ya jengo inayomaliza fedha za dawa ya mama mzazi ni korbani yenye nembo ya kisasa na nafasi ya sahihi ya mhazini.

Barua ya wazi juu ya jambo hilihili ina mtangulizi maarufu. Oktoba 31, 1517, Martin Luther alitoa hoja 95 dhidi ya biashara ya vyeti vya rehema, ambayo sehemu ya mapato yake ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Kwa haki, mfumo ule ulikuwa na kila kinachokosekana katika neema: cheti, muhuri, na bei iliyopangwa kulingana na hadhi ya mnunuzi. Juni 1520 hati ya Papa ilimpa Luther siku 60 za kutubu. Mwaka huohuo akaandika kijitabu kuhusu uhuru wa Mkristo na kukitanguliza kwa barua ya wazi kwa Papa Leo X. Tarehe yake ilirudishwa nyuma hadi Septemba 6 ili ionekane imeandikwa kabla hati hiyo haijamfikia. Barua ilikuwa na adabu tele: Leo mwenyewe alifananishwa na mwana-kondoo kati ya mbwa mwitu, na lawama zikawaangukia watu wa baraza lake. Desemba 10 Luther aliichoma hati hadharani mjini Wittenberg, na Januari 3, 1521, akatengwa na Kanisa. Barua za aina hii huwa zinajibiwa.

Afrika Mashariki ilipokea Injili na kanuni katika sanduku moja. Mfano ulioandikwa vizuri ni wa wake wengi. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth, mwaka 1888, uliamua kwamba mume mwenye wake wengi asibatizwe, abaki akifundishwa hadi atakapokuwa tayari kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake, katika hali fulani, waliweza kubatizwa kwa uamuzi wa viongozi wa mahali. Uamuzi ulikuwa safi kwenye karatasi. Kijijini ulimaanisha kwamba mume aliyetaka ubatizo alitakiwa kuwaacha wanawake wasio na kosa, na mke wa pili na watoto wake wakawa ada ya wokovu wa mtu mwingine. Mwaka 1988 mkutano uleule, ukishikilia bado kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, uliruhusu mume huyo kubatizwa pamoja na wake na watoto wanaoamini. Alitakiwa tu aahidi kutooa tena maadamu mmoja wa wake hao yu hai, kanisa la mahali likubali, na asilazimishwe kumfukuza mke yeyote, kwa sababu ya mateso ambayo mke huyo angeyapata. Kutoka uamuzi wa kwanza hadi wa pili ni miaka 100 kamili. Waliofukuzwa hawakungoja.

Hata harakati zilizozaliwa na neema hazina kinga. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda, Kenya na Tanganyika, ulihubiri kwamba damu ya Yesu inatosha. Wafuasi wake, walioitwa Walokole, walikiri dhambi zao hadharani, na wamishonari wakajikuta wakitubu mbele ya Waafrika waliozoea kuhubiriwa tu. Baadaye, huko Uganda, baadhi ya Walokole walijitenga na wenzao wakidai ukali zaidi, na moja ya mambo yaliyowagawa lilikuwa mikopo. Walikuwa na sababu, maana deni humfunga mtu. Lakini mtu aliyesamehewa deni lote mbinguni alianza kuulizwa kuhusu deni la dukani.

Hofu ya Kamati kwamba watu wakiachiwa huru watafanya wapendavyo si ya kubeza, na Paulo mwenyewe alishtakiwa kwa hoja hiyohiyo. Jibu lake halikuwa orodha mpya. Alisema mtu aliyeifia dhambi hawezi kuendelea kukaa humo, na kwamba uhuru umetolewa ili watu watumikiane kwa upendo. Luther alilijenga hilo kwa dai la pande mbili: kwa imani Mkristo hana bwana juu ya dhamiri yake, na kwa upendo hana mtu asiyepaswa kumtumikia. Upande wa pili ni mzito kuliko daftari lolote la nidhamu, na ugumu wake kwa Kamati ni wa vipimo. Urefu wa sketi huonekana kutoka mimbarani. Dada wa kazi ambaye mwajiri wake, mzee wa kanisa, hajamlipa kwa miezi minne haonekani kutoka mimbarani, kwa kuwa saa hiyo yuko nyumbani akipika chakula cha wageni wa Jumapili. Kwa sababu hiyo sketi ina kifungu na mshahara hauna.

Shauri la kurudishwa kundini linalofahamika kuliko yote ni la mwana mpotevu, katika Luka 15, na liliendeshwa kinyume cha taratibu zote. Mtuhumiwa alifika na maelezo aliyoyaandaa, pamoja na ombi la kupokewa kama kibarua. Baba alimkimbilia akiwa bado mbali, akamkatiza kabla hajafika kwenye ombi, akaagiza vazi, pete, viatu na ndama. Hakuna aliyepima urefu wa vazi. Muda wa matazamio haukuwepo. Mtu pekee mwenye kumbukumbu sahihi alikuwa kaka mkubwa: miaka mingi ya utumishi, hakuna amri iliyovunjwa, na dai la mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Baba hakupinga hata kipengele kimoja cha taarifa hiyo. Alitoka nje kumsihi aingie. Simulizi inaishia hapo, nyimbo zikisikika kutoka ndani, na haisemi kama aliingia.

Nakala:
Mhazini – kwa taarifa.
Mwimbaji wa besi – anajua sababu.
Mwanakwaya aliyesimamishwa – mazoezi ni Jumamosi, saa kumi jioni.