Injini Kwanza, Muziki Baadaye

Probox iliyolala nje Naro Moru mwezi wa Julai huamka kwa shida. Baridi imeipunguzia betri nguvu na kuifanya oili kuwa nzito. Hata hivyo, ukizungusha ufunguo tu, amplifaya inanguruma, taa za urembo zinametameta hadi chini ya viti, na kila kitu kiko macho isipokuwa injini. Abiria wa Karatina wameshapata disko, gari bado.

Ewe dereva, nenda ukanunue rilei ya kuchelewesha ya volti 12, ili muziki na taa zisubiri injini. Soma mchoro uliochapwa ubavuni kabla ya kulipa, kwa sababu ziko zinazochelewa kuwaka na ziko zinazochelewa kuzima. Ukifunga hii ya pili, utazima gari na muziki uendelee kuinyonya betri. Chukua ya kuchelewa kuwaka, sekunde 10 hivi.

Miguu ya rilei za kawaida hufuata kanuni ya Ujerumani, DIN 72552: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye taa, 85 huungwa kwenye bodi, na 86 hupokea umeme wa kuiamsha. Zenye taima zinaweza kutofautiana. Hapo mchoro ndio wenye neno la mwisho.

Mguu wa kukuumiza kichwa ni wa 86. Wengi huunga waya wa ON, hesabu ikaanza ufunguo ukifika hapo. Ukisukuma stata sekunde 15, na kwenye baridi ya Nanyuki utasukuma, muziki utaingia katikati ya vita. Unga waya wa ACC, ile nafasi ya ufunguo ya kuwasha redio. Kwenye magari mengi ACC hukatika stata inapozunguka, ikarudi ukiachilia ufunguo, na taima ikaanza kuhesabu upya. Kila jaribio linapewa sekunde zake. Huu ndio uzuri wote wa kazi hii, na haugharimu waya wa ziada.

Taa za urembo za wati 60 hula ampea 5. Fyuzi ya 7.5 inatosha, nayo ikae karibu na betri. Fundi akikwambia, "Bosi, hii fyuzi si lazima," mshukuru, funga boneti, ondoka. Amplifaya kubwa usiipitishe waya wake mnene kwenye rilei hii. Pitisha ule mwembamba wa kuiamsha tu, kwani hubeba umeme kidogo mno. Waya za njano za eabegi usizishike kabisa, na usicheleweshe honi, indiketa wala taa za breki, hata mteja wako akiona ni urembo.

Sasa pima. Betri iliyopumzika na kujaa ina volti 12.6; injini ikishanguruma, zifike kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki 12.4 huku injini inazunguka, alternata haichaji, na rilei haitakusaidia.