Risala ya Kumsifu Mwani wa Matutani

Mnyonge mnyongeni, waheshimiwa wa meza kuu, lakini haki yake mpeni. Wahandisi wa kuta za bahari za Uholanzi wameshavishwa nishani, na majani ya matutani yameshapigwa picha za kalenda. Mwani wa maji baridi, yule wa kijani anayetambaa kwenye matuta ya mchanga ya pwani hiyo, hajawahi hata kuitiwa soda. Leo namsomea risala.

Wasifu wake ni mfupi. Mizizi hana, ua hana, na ukimkanyaga akiwa amelowa utaanguka. Jina lake la kwenye cheti ni Klebsomidiamu. Kituo chake cha kazi ni pale ambapo upepo wa Bahari ya Kaskazini umekwangua mchanga mpaka ukafika kwenye unyevu, ukakwama. Mmea wenye hadhi haukubali kupangiwa huko. Yeye huripoti bila posho, pamoja na bakteria wa kijani-samawati, ambao wataalamu wamewatoa kwenye ukoo wa mwani lakini kazini bado wako zamu moja. Nyuzi zao hupenya kati ya chembe za mchanga, na ute wao huzigandisha. Inua kipande kwa ncha ya kisu: kinabanduka kama ukoko wa wali, unene milimita chache tu, kijani kwa juu, na chini yake chembe zinaning'inia kwenye nyuzi usizoziona. Jua likikaza hukauka na kukunjamana. Wenye haraka humwita marehemu. Mvua ikirudi, huyo kaamka.

Wapo wanaolalamika kwamba utando huo ukikauka huikataa mvua, maji yakateremka juu kwa juu na kubeba mchanga uleule aliouokoa kwenye upepo. Sawa. Nani hapa hajawahi kubomoa kwa mkono wa kushoto alichojenga kwa wa kulia?

Nisimsahau binamu yake, Kara, anayekaa kwenye vidimbwi vinavyojaa kipupwe na kukauka kiangazi. Hujipaka chokaa mwili mzima na kunuka kama kitunguu saumu kilichochacha. Lakini seli yake moja hufika urefu wa sentimita kadhaa, na ni humo ambamo Mwitaliano Bonaventura Corti, mwaka 1774, aliona ute wa ndani ya seli ukizunguka bila kupumzika. Kidimbwi kikikauka, spora zake hulala mchangani miaka na miaka zikisubiri. Njaa anaivumilia, shibe ndiyo humwondoa. Amsterdam ilianza kunywa maji ya matuta mwaka 1853, ndoo kwa senti moja, ikayanywa kupita kiasi, hata mwaka 1957 matuta yakaanza kujazwa maji ya mto Rhine yenye virutubisho tele. Magugu yakanenepa. Mezani pa namna hiyo Kara hali.

Malipo yao? Siku hizi matuta yanalaumiwa kwa kutulia mno, maana naitrojeni ya mashamba na magari imelisha kila chenye rangi ya kijani. Kati ya 2012 na 2013, magharibi mwa Haarlem, tuta la mbele lilikatwa mapengo matano ili upepo upite na mchanga utembee tena. Mfanyakazi gani mwingine, waheshimiwa, ameitiwa tingatinga kwa kosa la kushika mchanga vizuri? Nauliza tu. Mwenyewe hata marupurupu hajadai.